Taa iliyokufa mezani: mambo likelemba yetu ilijifunza juu ya jua, batri na feza



Wiki hii tunawaletea habari ya mwangaza wa nyumbani. Tunaianza na haya kidogo, sababu inaanza na feza yetu iliyopotea.

Likelemba yetu ina wamama 12. Mwaka uliopita tulikubaliana kuacha zamu kwa muda, tuweke feza pamoja, kisha kila mama apate taa ya jua: taa moja, plake ndogo ya juu ya nyumba, na tundu la kuchajia simu. Tulichoka na delestaji. Tulichoka kununua mafuta ya taa kwa kichupa. Tukapata muuzaji mwenye maneno matamu, akatuuzia zote 12 kwa dola 15 kila moja. Kwenye boksi iliandikwa kwamba plake ni ya wati 50. Ukubwa wake ulikuwa kama daftari la mtoto wa shule. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshituka.

Kisha miezi 4, taa 9 zilikuwa zimekufa. Muuzaji naye hakuonekana tena.

Ya kwanza kufa ilikuwa ya mama mmoja kati yetu anayeuza sambaza sokoni jioni. Akarudilia kibatari. Usiku mmoja kibatari kikaanguka karibu na chandarua cha watoto. Mtoto wake mkubwa akauzima moto kwa kikwembe chenye maji. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa, lakini chandarua kiliungua na mtoto mdogo amebaki na alama kwenye mkono.

Siku ya posho iliyofuata yule mama alikuja kwenye mkutano. Hakupiga kelele. Aliweka taa iliyokufa mezani, akatuuliza: «Wamama, ni jua ndilo limetudanganya, ao ni mtu?»

Tulikosa la kujibu. Basi tukaamua kutafuta. Tumesoma, tumeuliza, na binti mmoja wa kartie yetu anayesoma elektroniki kwenye shule ya ufundi ametufungulia taa zile moja kwa moja. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika ili wewe usilipe karo tuliyolipa sisi.

MTO TUNAO, LAKINI MWANGAZA HAUTOSHI

Hapa Bukavu tunaishi pembeni ya mto Ruzizi, na umeme wa maji tunaujua tangu wazee wetu. Kituo cha Ruzizi I kinafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II kilianza mwaka 1989, na umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kule magharibi kuna Inga kwenye mto Kongo: Inga I ya mwaka 1972 na Inga II ya mwaka 1982. Nchi yetu haina upungufu wa maji yanayoanguka. Hata hivyo, hesabu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba katika Wakongomani 5, ni karibu mmoja tu anayepata umeme nyumbani. Na huyo mmoja naye anajua maana ya kulala gizani.

Ndiyo maana watu wengi wanatazama juu. Jua halina waya wala nguzo, na halitumi mtu wa kukata umeme. Lakini jua lilikuwako siku zote. Kwa nini bibi zetu hawakulitumia kuwasha taa?

PLAKE ILIKUWA YA KWANZA

Plake ya jua si jambo la jana. Mwaka 1954, katika maabara ya Bell kule Marekani, watafiti 3, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha plake ya silisiamu iliyoweza kufanya kazi ya kweli. Katika sehemu 100 za nguvu za jua zilizoipiga, iligeuza karibu 6 kuwa umeme. Bei yake ilikuwa kubwa sana. Miaka 4 baadaye iliwekwa juu ya satelaiti Vanguard 1, fasi ambayo hakuna waya unaoweza kufika.

Tangu hapo watafiti hawakuacha. Leo plake nzuri inayouzwa sokoni inageuza karibu sehemu 20 hadi 22 katika 100, na bei imeshuka mpaka mama wa likelemba anaweza kuinunua. Lakini plake peke yake haingetusaidia. Ilibidi taa nayo ijifunze kula kidogo.

Fanya hesabu hii pamoja nasi, kama unavyohesabu unga na vinywa vya nyumbani. Plake ya kweli ya wati 20, ikipata saa 4 za jua kali, inaleta wati-saa 80. Ondoa zinazopotea kwenye waya na kwenye batri, unabaki na kama 60. Sasa washa ampuli ya zamani ya wati 60: baada ya saa moja chakula kimekwisha. Ampuli ile, ukiigusa, inakuunguza. Ni kwa sababu katika sehemu 100 za umeme inazokula, karibu 95 zinakuwa joto. Ni mbabula ndogo inayotoa mwangaza kwa bahati.

Lakini ukiwasha taa ya LED ya wati 8, inayotoa mwangaza uleule, zile wati-saa 60 zinakupa zaidi ya saa 7. Ao weka taa 3 za wati 3 kila moja, jikoni, chumbani na mezani pa watoto, uziwashe saa 5. Zitakula 45. Zile 15 zinazobaki zinatia simu nguvu nzuri. Jua ni lilelile na plake ni ileile. Kilichobadilika ni taa.

RANGI MOJA ILIYOSUMBUA MIAKA 30

LED ni kipande kidogo kama punje ya mchele. Hakina uzi unaowaka ndani, hakina hewa ya pekee. Umeme ukipita katikati ya tabaka zake, mwangaza unatoka moja kwa moja.

LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak wa Marekani. Baadaye ikapatikana ya kijani. Lakini nyekundu na kijani haziangazi nyumba. Ili kupata mwangaza mweupe ilihitajika rangi ya buluu, na buluu ilikataa. Makampuni makubwa yalijaribu, mengi yakaacha.

Waliokataa kuacha walikuwa Wajapani 3. Katika chuo kikuu cha Nagoya, profesa Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano walijaribu mamia ya mara kukuza kioo safi cha madini yanayoitwa galiamu nitridi, na mara nyingi walipata kitu chenye mipasuko tu. Fasi ingine, Shuji Nakamura, mfanyakazi wa kampuni ya mji mdogo, alikuwa akibadilisha mashine yake kwa mikono yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 buluu yenye nguvu ikapatikana. Ukiipaka unga wa njano juu yake, macho yanaona mweupe. Ndiyo taa iliyo mezani pako.

Kampuni ilimpa Nakamura zawadi ya yen 20,000, chini ya dola 200, kwa kazi iliyobadilisha usiku wa dunia. Wamama wanaofanya kazi bila kushukuriwa watamwelewa. Mwaka 2014 wote 3 walipata Tuzo la Nobel la fizikia.

BATRI, NA KOBALTI YA KWETU

Jua linatua saa kumi na mbili jioni, na sisi tunahitaji taa saa moja. Kwa hiyo lazima kuwe na ghala. Ghala ni batri.

Batri za lithiamu, zile nyepesi za simu na za taa nzuri, zilitokana na kazi ya Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino. Mwaka 1980 Goodenough na wenzake walionyesha kwamba ukitumia oksidi ya kobalti, batri inapata nguvu kubwa zaidi. Batri hizo zilianza kuuzwa mwaka 1991. Hao 3 walipewa Tuzo la Nobel la kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, mzee kuliko wote waliowahi kulipata.

Kobalti hiyo, wamama, tunaijua. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, kule Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka ikiwa mawe, inarudi ikiwa ndani ya simu, na mama aliyezaliwa juu ya mawe hayo anasomesha watoto wake kwa kibatari. Si lazima tulie juu ya jambo hili kila siku, lakini tusilisahau siku wanaposema kwamba teknolojia hii ni ya wengine.

Utafiti umeendelea. Katika miaka ya 1990, ni maabara ya Goodenough huyohuyo iliyoonyesha batri ingine isiyo na kobalti, yenye chuma na fosfati. Haiwaki moto kwa urahisi, na inaweza kujazwa na kumalizwa mara nyingi sana kuliko zingine, mara elfu na zaidi ikitunzwa vizuri. Juu yake huandikwa LiFePO4. Jifunze kuyatambua maandishi hayo hata kama husomi lugha yake, kama vile unavyotambua alama ya kikwembe cha kweli.

WAMAMA WALIKUWA HUMO

Usifikiri kwamba hii ni kazi ya wababa peke yao. Mwaka 1948, katika mji wa Dover kule Massachusetts, Marekani, ilijengwa nyumba iliyopashwa joto na jua bila moto mwingine. Aliyebuni mtambo wake ni mwanamke mtafiti aliyezaliwa Hungaria, Mária Telkes. Aliyechora nyumba ni mwanamke, Eleanor Raymond. Aliyetoa feza ni mwanamke, Amelia Peabody. Telkes alihifadhi joto la mchana ndani ya chumvi ya pekee inayoyeyuka, ili usiku ilirudishe.

Kisha miaka michache chumvi ile ilichoka, na nyumba ikawekewa joto la kawaida. Je, Telkes alikaa kitako? Hapana. Katika miaka ya 1950 aliendelea mpaka akatengeneza jiko la jua la kupikia. Ilitufariji kusoma habari zake, sisi wenye taa 9 zilizokufa.

Na kule Uhindi, katika kijiji cha Tilonia, kuna Barefoot College, inayofundisha wamama na bibi wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, kutengeneza na kurekebisha taa za jua. Wanafundishwa kwa rangi na kwa alama, miezi michache tu, kisha wanarudi kwao wakiwa mafundi wa kijiji. Wanachaguliwa bibi sababu bibi hahami. Wamama wa Zanzibar wamejifunza kazi hiyo kwa Kiswahili, lugha yetu hii.

TULIPOFUNGUA TAA

Basi binti yetu akaketi na bisibisi, sisi tukamzunguka. Alizifungua taa zote 9. LED zilikuwa nzima, zote. Plake zilikuwa nzima pia, ingawa ndogo. Zilizokufa zilikuwa batri. Alizipima moja moja na kutuonyesha: chini ya karatasi mpya iliyobandikwa kulikuwa na karatasi ya zamani. Tuliuziwa batri zilizokwisha kutumika fasi ingine, zikavalishwa nguo mpya.

Kisha akatuuliza mita ya mshonaji. Tukampa. Akapima plake: sentimita 21 kwa 30. Akatufundisha hesabu ambayo tunataka kila mama aishike.

Jua la saa sita, kali, bila mawingu, linaleta kama wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Plake nzuri inashika moja ya tano, ni kusema wati 200. Kwa hiyo plake ya wati 50 haiwezi kuwa ndogo kuliko karibu nusu mita kwa nusu mita. Yetu, hata ingekuwa plake nzuri ya namna hiyo, haingepita wati 13. Boksi lilidanganya. Mita ya mshonaji ya franka chache ingeokoa dola 180.

Hapo jibu la yule mama likapatikana. Jua halikutudanganya. Mtu ndiye alitudanganya, na kutokujua kwetu kukamfungulia mlango.

Taa 7 zimefufuka baada ya kununuliwa batri mpya. Mbili zilikuwa zimeingia maji, hazikufaa tena. Vipande vyake vizuri vimewekwa kwa kurekebisha zingine. Ya kwanza kufufuka tulimpa mama wa sambaza.

KABLA YA KUTOA FEZA

Tumekubaliana juu ya mambo haya, na tunawapa kama yalivyo.

Pima plake kwa mita. Ukubwa haudanganyi.

Uliza batri ni ya namna gani na kama inaweza kubadilishwa. Taa iliyofungwa kwa gundi, isiyofunguka, siku batri ikifa ni takataka.

Omba karatasi ya garanti ya mwaka mmoja angalau, yenye jina la duka na muhuri. Nunua kwa mtu mwenye duka utakalolikuta kesho. Kuna mpango unaoitwa VeraSol unaopima taa za jua na kutoa orodha ya zile zilizofaulu. Mtoto anayejua kutumia intaneti anaweza kukutafutia jina la taa kabla hujalipa.

Usinunue zote siku moja. Likelemba inunue moja, mama mmoja aitumie mwezi mzima, kisha wengine wafuate. Sisi tulipenda kufurahi pamoja, tukalia pamoja.

Ukishanunua, weka plake fasi isiyo na kivuli. Kivuli cha tawi moja ao cha waya wa kuanikia nguo kinaweza kupunguza nguvu ya plake nzima. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, kwa hiyo plake inalala karibu tambarare. Iinue kidogo tu ili mvua iioshe. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara linaifunika: ipanguse asubuhi kwa kitambaa chenye maji, bila mchanga.

Batri iliyovimba usiichaji tena. Batri yoyote usiitoboe, usiitupe motoni, usiwape watoto waichezee. Zile kubwa nzito za motokari zina risasi, na risasi inaharibu akili ya mtoto. Usimruhusu mtu azivunje kwenye kiwanja chako.

NA MBABULA?

Wengi mnatuuliza: plake hii itapika maharagwe? Hapana. Kupika kunakula nguvu nyingi kuliko mwangaza. Reso ya umeme ya wati 1,000 ingemaliza zile wati-saa 60 kwa dakika 4 hivi. Anayekuambia kwamba plake ya dola 15 itapika, mkimbie.

Lakini hata hapa utafiti uko njiani. Wanaopata umeme wa waya wanaweza kuangalia sufuria za umeme za kubana mvuke. Zimefunikwa pande zote ili joto lisitoke, na kifaa kidogo cha elektroniki ndani yake kinakata umeme sufuria ikishapata moto wa kutosha. Kwa chakula cha kuchemka muda mrefu kama maharagwe, inakula sehemu ndogo tu ya umeme unaoliwa na reso ya kawaida. Chuo kikuu cha Loughborough cha Uingereza kimeongoza mpango wa utafiti juu ya mapishi ya namna hii, na wamama wa Kenya, Tanzania na Zambia wamepika wakiandika kila siku wametumia umeme kiasi gani. Ni fundisho kwetu: mama mwenye kalamu jikoni naye ni mtafiti.

Kwa wale wa makala, ambao ndio sisi wengi, mbabula iliyojengwa kwa udongo ndani, inayoshika joto, inapunguza gunia. Loweka maharagwe tangu usiku. Funika sufuria. Kila makala usiyoichoma ni mti uliobaki msituni na feza iliyobaki mfukoni.

KWENYE MKUTANO UJAO

Tumeanza tena kuweka feza. Safari hii tumeweka pembeni kidogo kila wiki, sanduku la batri, sababu sasa tunajua kwamba batri itachoka siku moja hata ikiwa nzuri. Yule binti ameomba jambo moja tu: asifanye kazi peke yake. Anataka mabinti wengine 3 wa kartie wajifunze naye, na tumekubali kumlipia vifaa.

Siku ya posho ijayo, njoo na taa yako iliyokufa. Usiitupe, na usione haya. Sisi tulileta 9. Njoo pia na mita ya kushonea ikiwa unayo. Tutapima, tutafungua, tutaandika bei.

Mama wa sambaza atakuja amechelewa, kama kawaida, sababu sasa anauza mpaka saa mbili za usiku. Taa yake inaonekana tangu mwanzo wa soko.